Miaka kumi ya ndoa, kilomita 21 za Kigoma: lazima tukimbie bega kwa bega?

"Dokta, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tabora, nina mtoto mmoja wa miaka minne niliyejifungua kwa upasuaji. Mwezi wa nane tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na mume wangu ametulipia wote wawili nusu marathoni huko Kigoma ili iwe ndiyo mapumziko yetu. Ijumaa tunaondoka na basi la asubuhi, Jumamosi anataka twende Gombe kuona sokwe, Jumapili alfajiri tunakimbia, mchana tunaogelea ziwani, usiku tunarudi maana Jumatatu ni kazini. Yeye amekimbia miaka mingi, nusu marathoni anaimaliza kwa saa 1 na dakika 55. Mimi nimeanza mwezi wa kwanza na klabu ya jogingi, mbali zaidi nimefika kilomita 11, kwa saa 1 na dakika 22. Anasema tutakimbia bega kwa bega mpaka mwisho. Zimebaki wiki sita. Naogopa kumuaibisha, na naogopa kuumia: goti la kulia huniuma upande wa nje nikifika kilomita ya nane. Mwenzangu wa klabu anasema nimeze diklofenaki kabla ya kuanza. Mama mkwe anasema mwanamke aliyezaa akikimbia mbali kizazi kinashuka. Halafu kwa hesabu zangu nitakuwa kwenye siku zangu. Kuna vidonge vya kuzisogeza, nitumie? Na samahani kwa hili la mwisho: ni kweli usiku wa kuamkia mbio mke na mume wasikutane?"

Hongera kwa miaka kumi, dada, na hongera kwa hizo kilomita 11. Mtu aliyeanza mwezi wa kwanza na leo yuko hapo hajakaa bure. Nusu marathoni kwa wiki sita zilizobaki unaiweza, na nasema hivyo kama mtaalamu wa fiziotherapia ambaye kila mwaka hupokea watu waliojaribu wakiwa na maandalizi madogo kuliko yako. Kinachonipa shaka ni mambo mawili: hayo maneno "bega kwa bega", na ile ratiba. Shemeji ana nia njema kabisa, ila amepanga safari kana kwamba miguu yote minne ni ya kwake.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zitakazokutetea ukikaa naye mezani. Kilomita 11 kwa dakika 82 ni mwendo wa dakika 7 na nusu hivi kwa kilomita. Ukizidisha tu, nusu marathoni inatoka saa 2 na dakika 37. Lakini mwili hauzidishi namna hiyo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwendo unapungua kidogo. Mhandisi mmoja Mmarekani, Pete Riegel, alitunga kanuni ya kukadiria upungufu huo na wakimbiaji wanaitumia mpaka leo. Kwa kanuni yake wewe unaangukia kwenye saa 2 na dakika 44. Ukiongeza na vilima vya Kigoma, mimi ningekuandalia saa 2 na dakika 50, yaani dakika 8 kwa kilomita. Shemeji kwa saa 1 na dakika 55 anakwenda dakika 5 na sekunde 27. Kati yenu kuna karibu saa nzima, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa moyo wa kujituma. Ni miaka ya mazoezi. Hakuna wa kuaibika hapo.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya mwili ukijaribu kuliziba. Mkimbiaji hutumia nishati za aina mbili kwa pamoja: mafuta na sukari. Mafuta ni kama gogo, yanawaka taratibu na huwezi kuyamaliza siku moja hata ukitaka. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama mabua ya mahindi, inawaka kwa nguvu na inakwisha. Mtu mzima aliyekula vizuri hubeba gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo, ambazo ni kalori 2,000 hivi. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Ukiwa na kilo 65, nusu marathoni nzima ni kama kalori 1,370. Kwa hiyo mafuta yakichangia sehemu yake, akiba yako inatosha na chenji inabaki. Lakini ukienda kwa mwendo unaokufanya uheme mpaka huwezi kumaliza sentensi, mwili unayaacha magogo na kuvamia mabua. Kilomita tano za namna hiyo mwanzoni unazilipa kuanzia kilomita ya 14, tena kwa riba. Kupumzika kidogo njiani hakurudishi akiba iliyokwisha.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa aibu. Katika nusu marathoni yangu ya kwanza nilimfuata rafiki aliyenizidi, njia ikiwa inateremka, tukipiga stori. Nilijiona simba. Kwenye kilomita ya 16 nilipitwa na mzee aliyekuwa anatembea kwa haraka, na akanipa pole.

Hata wakubwa wanaishi kwa uvumilivu huo. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwezi wa tisa 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na wakatenganishwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiangalia mbio zile utaona kwamba kile alichokitoa kwenye mita za mwisho alikuwa amekitunza kwa zaidi ya saa mbili.

Kwa hiyo mnafanyaje? Njia ya kwanza, mkimbie wote kwa mwendo wake, tumeshaifuta. Ya pili ni mkimbie wote kwa mwendo wako. Inawezekana, na kuna wanandoa wanaifurahia, lakini ina mtego ambao watu hawausemi. Mkimbiaji mwepesi akiambiwa apunguze hujikuta hatua nusu mbele ya mwenzake. Anadhani yuko sambamba, kumbe anavuta kamba. Wewe unaongeza kidogo ili umfikie, naye anaongeza kidogo, na kufikia kilomita ya sita mmeshaharibu bila hata mmoja kukusudia. Na yeye mwenyewe akikimbia kwa mwendo usio wake kwa karibu saa tatu, kiuno na nyonga vitamsema. Mkichagua njia hii, mjaribu kwanza kwenye mbio zenu ndefu mbili kabla ya safari, na sharti liwe moja: wewe ndiye unayekaa mbele nusu hatua, yeye afuate. Mkirudi nyumbani mmenuniana, jibu mmeshalipata.

Njia ya tatu ndiyo ningewachagulia mimi. Mwanzoni msimame pamoja, mpige picha zenu, halafu kila mtu aende na mwendo wake. Akimaliza atakuwa na dakika 50 na ushee za kusubiri. Avae fulana kavu, anywe maji, arudi akitembea pembeni ya barabara mpaka kilomita ya 19, akungoje hapo. Kutembea kule kutamsaidia misuli isikaze, na wewe kilomita mbili za mwisho, zile ambazo kila mtu anahitaji kuona sura anayoijua, utakuwa na mwenzako. Waulizeni tu waandaaji kama wanaruhusu mtu aliyemaliza kuingia tena barabarani; wakikataa, atembee pembeni. Hapo mtakuwa bega kwa bega kweli, maana mwendo wenu utakuwa mmoja: wewe umechoka, yeye ametulia. Na kama mbio zenyewe zina kilomita 10 na bado unaruhusiwa kubadili, usiione ni njia ya wanyonge. Kwa goti hilo, huenda ikawa ndiyo ya busara kuliko zote. Nitalirudia.

Twende kwenye ratiba, maana hapa ndipo ninapogombana na shemeji.

Ijumaa kutwa kwenye basi si tatizo kubwa. Miguu itavimba kidogo, basi likisimama shuka utembee, kunywa maji kama kawaida, usijinyime kwa kuogopa kukosa choo njiani. Mkifika Kigoma jioni, tembeeni dakika ishirini kabla ya kula.

Jumamosi ya Gombe ndiyo siikubali. Gombe hakuna barabara. Unakwenda kwa boti, unapigwa na jua juu ya maji, halafu sokwe hawakungoji ufukweni. Unawafuata juu kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, msituni, kwa saa kadhaa, unapanda ukishika mizizi na unashuka ukijizuia. Kule kushuka ndiko kunakoumiza. Unaposhuka mlima, misuli ya mbele ya paja inavutwa wakati huohuo inajikaza kukuzuia usianguke, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji palepale. Huja kesho yake na hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Maana yake ni Jumapili alfajiri, ukiwa na namba kifuani. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 na sokwe wamekuwepo mpaka leo. Watawasubiri tena. Wapangieni safari yao wenyewe. Wala msiwapange Jumatatu baada ya mbio, maana mapaja hayatakubali, na ukiwa na mafua au kikohozi hutaruhusiwa kuwasogelea kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua.

Jumamosi yenu iwe ya kivivu. Asubuhi kimbieni dakika 15 tu za kulegeza miguu. Kisha chukueni bajaji mpaka Ujiji, mkaone pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Makumbusho yale mtayamaliza bila kutoa jasho. Mchana kaeni kivulini mkiangalia ziwa. Kama mnataka sherehe ya miaka kumi yenye mavazi na chakula kirefu, ihamieni Jumapili jioni. Na hapo ndipo ninapokuomba kitu kimoja: ombeni ruhusa ya Jumatatu. Kukimbia saa tatu, kuogelea, halafu kukaa kwenye gari usiku kucha na kuingia ofisini asubuhi, hayo si mapumziko, ni adhabu ya kulipia. Mtu aliyepungukiwa maji akikaa bila kukunjua miguu kwa saa nyingi, damu miguuni hutembea polepole, na huko ndiko mabonge ya damu hupata nafasi. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtu mzima mwenye afya. Siku moja zaidi inaipunguza, na inawapa pia usiku wa pili wa Kigoma mkiwa hamna la kuogopa kesho yake.

Kuhusu kuogelea, Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina na sehemu nyingi za ufuko wake huzama ghafla. Miguu iliyotoka kukimbia kilomita 21 hukamatwa na misuli bila taarifa. Ingia maji ya kiunoni, kaa dakika kumi, toka. Epuka sehemu zenye majani na konokono karibu na makazi ya watu, kwa sababu ya kichocho. Chandarua usiku ni lazima; malaria ya Kigoma haijui kama mko fungate.

Kitu kimoja ambacho watu wa Dar es Salaam wakija magharibi huwa kinawashangaza, na wewe wa Tabora utakiona kwa kiasi: mwezi wa nane jua la Kigoma huchomoza saa moja na dakika kadhaa asubuhi, wakati Dar huwa limeshatoka tangu saa kumi na mbili na nusu hivi. Saa yetu ni moja lakini jua lina ratiba yake. Mkianza saa kumi na mbili kamili, mtakimbia gizani kwanza. Vaa rangi inayoonekana na angalia unapokanyaga. Faida yake ni kwamba saa nzima ya kwanza ni ya ubaridi. Hasara yake ni kwamba ubaridi huo unamdanganya mtu akimbie haraka, halafu jua linamkuta kwenye nusu ya pili akiwa ameshatumia akiba. Hewa yenyewe isikutishe: Tabora mko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 770 na kitu. Pumzi utaipata nyingi zaidi kuliko nyumbani.

Kitakachokutofautishia ni vilima. Tabora kwa mkimbiaji ni tambarare, Kigoma mji unapanda kutoka stesheni na bandarini kwenda Mwanga, na kinachopanda kitashuka. Kwa hiyo katika wiki hizi sita tafuta mteremko wowote, hata wa mita mia moja. Mara moja kwa wiki upande ukitembea na ushuke ukikimbia kwa hatua fupi fupi, mara sita hadi nane. Misuli ina tabia nzuri: ikishaonja mteremko mara moja na kupona, inajilinda kwa wiki kadhaa zinazofuata. Mazoezi hayo usiyafanye siku kumi za mwisho.

Mbio yako ndefu ya wiki ipange hivi: wiki hii kilomita 12, ijayo 14, ya tatu urudi 11 ili mwili upumue, ya nne 16, ya tano 11, halafu wiki ya mbio vipande viwili vifupi tu. Huna haja ya kufikisha 21 mazoezini. Moyo na mapafu hujirekebisha ndani ya wiki chache. Mishipa ya kano na mifupa huchukua miezi, na ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wale ambao pumzi zao zimetangulia miguu. Siku nyingine mbili za wiki zikimbie kwa mwendo wa kuongea, kilomita tano hadi saba. Na zoea kutembea. Kimbia dakika tisa, tembea moja, tangu kilomita ya kwanza na si baada ya kuchoka. Wengi wanaona haya, lakini dakika hiyo moja inaligawia goti mapumziko, na mwishoni huwa wanawapita waliowacheka. Raba nazo ziwe zilezile ulizozizoea. Nimeona miguu mingi iliyotoka malengelenge kwa sababu ya raba mpya za sherehe.

Chakula nitakipita haraka. Jumamosi usiku kula wali, au ugali wa muhogo kama tumbo lako limeuzoea, na mgebuka wa kuchoma. Maharage ya mawese ya Kigoma ni matamu mno. Yaache mpaka Jumapili jioni. Asubuhi, saa mbili na nusu kabla ya kuanza, chai, mkate na ndizi. Njiani kwa mwendo wako utahitaji gramu 30 hivi za wanga kila saa, na hapa mtu wa Tabora hana sababu ya kununua vipakti vya bei mbaya: vijiko viwili vikubwa vya asali vinakupa hizo 30 na zaidi kidogo. Tia kwenye kichupa kidogo, au beba tende ndogo tano sita. Jaribu kwanza kwenye ile mbio ya kilomita 14, maana tumbo nalo lina maoni yake.

Maji niyaeleze vizuri kidogo, maana kuna ushauri unaoua. Watu wanaambiwa wanywe kila kituo hata kama hawana kiu. Kwa mtu anayekimbia karibu saa tatu, na hasa mwanamke mwenye umbo dogo, maji kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na seli za ubongo huvimba. Utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston ya 2002 na kuchapishwa 2005 ulikuta karibu asilimia 13 ya waliopimwa wamefika mwisho chumvi ikiwa chini ya kiwango, na ongezeko la uzito njiani, yaani kunywa kuliko unavyotoa, lilikuwa mojawapo ya dalili kuu. Kunywa kwa kiu. Mafunda machache kila kituo unaposikia kiu, basi. Ukijiona pete inabana kidole na tumbo linachezacheza maji, acha kunywa.

Mama mkwe. Mjibu kwa heshima, kwa sababu ana nusu ya hoja. Kizazi hushikiliwa na mishipa na sakafu ya misuli chini ya nyonga. Kinachoilegeza sakafu hiyo ni mimba, uchungu wa muda mrefu, uzazi mwingi, kuinua mizigo mizito kwa miaka, na umri. Kukimbia peke yake hakushushi kizazi kilichoshikiliwa vizuri. Lakini sakafu ikiwa tayari imelegea, kukimbia kunaweza kuonyesha udhaifu uliokuwepo. Upasuaji wa miaka minne iliyopita si kizuizi. Jiulize tu: mkojo unakuponyoka ukikimbia au kukohoa? Unasikia uzito ukeni, kama kitu kinataka kutoka? Kama hapana, endelea kwa amani. Kama ndiyo, usione aibu na usiache kukimbia kimyakimya kama wanawake wengi wanavyofanya. Muone daktari wa wanawake au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mazoezi ya misuli hiyo husaidia sana.

Siku zako zisikutishe. Kukimbia ukiwa hedhini hakudhuru, na baadhi ya wanawake husema maumivu yanapungua. Vidonge vya kusogeza vipo, lakini ni homoni zinazohitaji daktari akuulize kwanza kuhusu mabonge ya damu, ini, kipandauso na dawa nyingine. Mimi nisingependa ujaribu homoni mpya kwa mara ya kwanza wiki ambayo utakaa kwenye basi kutwa nzima kisha ukimbie saa tatu. Vaa ulichokizoea, paka mafuta ya mgando sehemu za mapajani zinazosuguana, beba cha kubadilisha. Kitu kimoja nitakachokuomba: kama damu yako huwa nyingi, au unachoka kuliko wenzako wa klabu bila sababu, pima wingi wa damu kabla. Upungufu wa damu hauonekani kwa macho, na hakuna mazoezi yanayoufidia.

Na lile la mwisho, dada, hukuhitaji kuomba samahani. Si kweli. Tafiti zilizofanywa kuhusu jambo hili hazijaonyesha kwamba tendo la ndoa usiku uliotangulia linapunguza nguvu au pumzi, kwake wala kwako. Kinachopunguza ni kukesha na bia. Kwa hiyo msiligeuze kuwa la usiku wa manane. Hata usingizi ukikukataa Jumamosi kwa wasiwasi, usihangaike, usiku mmoja mbaya mwili unauvumilia. Wa Ijumaa ndio muulale vizuri.

Nimeliacha goti mwisho kwa sababu ndilo linalonifanya nisikupe ruhusa kamili kwa maandishi. Maumivu ya upande wa nje yanayoanza karibu kilomita ileile kila mara mara nyingi hutokana na utando mpana unaotoka nyongani, unapita nje ya paja na kushika chini ya goti. Goti likikunjwa kidogo, utando huo unabana tishu laini dhidi ya mfupa, na baada ya kubanwa maelfu ya mara tishu hizo zinawaka moto. Mteremko unazidisha, kwa sababu ukishuka mguu unatua ukiwa kwenye pembe hiyohiyo. Ukingo wa barabara unaolalia upande mmoja nao unazidisha, hivyo angalia kama huwa unakimbia upande uleule siku zote. Fupisha hatua zako, ziwe nyingi na nyepesi. Kila siku mbili lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 15 kwa seti tatu kila upande. Nyonga ikipata nguvu, goti linapumua. Mbio ndefu, na yale mazoezi ya mteremko pia, yasimamishe pale maumivu yanapoanza, umalizie ukitembea.

Diklofenaki usimeze kabla ya kukimbia, na ibuprofeni vilevile. Unapokimbia kwenye joto, damu inapelekwa kwenye misuli na ngozi, figo zinabaki na mgao mdogo, na kuna kemikali za mwili zinazoifungua mishipa yao ili mgao huo usikatike. Dawa hizi huzizima kemikali hizo hizo. Pia huzuia figo kutoa maji ya ziada, na tumeshaona maji ya ziada hufanya nini. Juu ya hayo zinaziba mdomo wa goti ambalo lilikuwa linakwambia simama. Mwenzako wa klabu amemeza na hakupatwa na lolote. Wengi huwa hawapatwi. Wanaopatwa huwa wanakuja kwetu na mkojo wa rangi ya chai ya rangi.

Kwa hiyo nenda ukaonwe. Hapo Tabora hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ulizia fiziotherapia, na nenda na raba zako ulizozikimbilia. Nenda wiki hii, usisubiri ya tano. Ukiona maumivu yanaanza mapema zaidi kila wiki, kilomita ya saba, kisha ya tano, au unachechemea kesho yake, au kuna sehemu moja ya mfupa inayouma ukiibonyeza kwa kidole na ukiruka kwa mguu mmoja inauma zaidi, nusu marathoni hiyo haipo kwako mwaka huu, chukua kilomita 10 au ukamshangilie shemeji. Kumuona daktari kabla ya kukimbia ni lazima pia kama una presha, unajijua una vinasaba vya selimundu, umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukikimbia, kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, au hesabu zako za hedhi zikigeuka na siku zisije kabisa. Ukiwa na homa asubuhi ile, usianze, kapime malaria. Na baada ya mbio, mtu akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au kuanguka, shemeji asimpe maji mengine kwa nguvu; amwagiwe maji baridi mwilini kama ana joto kali na apelekwe Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, mara moja.

Ukishaonwa goti, niandikie walichokwambia na kilomita 14 zimekwendaje. Hapo nitakuambia kama ule mpango wa shemeji kukungoja kilomita ya 19 ubaki, au tuuhamishie kwenye kilomita ya nane ya zile kumi.